Kisu cha mfukoni: mdogo wangu, usinunue uzito

Jana usiku kijana mmoja wa Arusha anayeanza kazi ya upagazi mlimani aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeona kisu cha kukunja, chuma kitupu, kina msumeno na cha kufungulia kopo. Nichukue?"

Usichukue. Mimi nilichukua.

Ilikuwa mwaka 2014, kambi ya Barranco, njia ya Machame, Kilimanjaro. Mkanda wa begi la mgeni ulikatika, nikatoa kisu nilichonunua kwa mmachinga Moshi mjini, kizito hadi suruali ilikuwa inashuka. Nikaanza kutoboa tundu kwa ncha. Kumbe kisu kile hakikuwa na kitu cha kuuzuia ubapa usirudi. Nilipokandamiza, ukajikunja juu ya kidole cha shahada hadi nikaona weupe ndani. Kiongozi wa safari akanishusha kesho yake, akasema mbele ya wenzangu kwamba asiyejua kushika kisu hawezi kushika mgeni. Tipu sikuiona. Kauli ile inaniuma mpaka leo, ingawa sasa safari naongoza mimi.

Kisu nilicho nacho niliachiwa na mgeni Mfaransa: Opinel namba 8. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, nako ni milimani. Ubapa sentimita 8.5, mpini wa mti, uzito kama gramu 50 tu. Shingoni kina pete ya chuma iliyoongezwa miaka ya 1950. Ukishafungua kisu, izungushe pete, ubapa hauendi popote.

Kina tabia zake. Mvua ikikipiga, mti unavimba na ubapa unang'ang'ania ndani. Mara ya kwanza nilivunja ukucha nikiuvuta. Watu wa Savoie hugonga kitako cha mpini kwenye jiwe, ncha ikachungulia, ndipo wanaivuta. Nimejaribu, inakubali. Siku hizi napaka mafuta kwenye kiungo kabla ya masika. Changu ni cha chuma cha kaboni, kwa hiyo ukikata ndimu ukakilaza bila kukifuta, asubuhi kina madoa. Kama wewe ni mvivu wa kufuta, tafuta kilichoandikwa INOX, yaani chuma cha pua, hakishiki kutu upesi.

Lakini uvivu huo uache, vijana. Anayelaza kisu kichafu ndiye anayesahau kujaza chupa ya mgeni. Kinoe, maana kisu butu kinakulazimisha utumie nguvu, na nguvu ndiyo iliyonikata mimi. Nunua chepesi, kinachojifunga imara. Chepesi, narudia: kizito utakiacha kwenye begi, na begi liko mbele na mpagazi mwingine. Usiingie nacho baa wala uwanja wa mpira. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi la kukabidhi. Nimeona kisu kizuri kikibaki kwa wakaguzi.

Na wewe wa Arusha, ukifika Moshi nitafute kabla hujatoa hela. Nitakupa changu ukate nacho kamba ya hema, kisha uamue.