Umefunga mkanda wa taimingi na injini inagoma? Usikimbilie kununua sensa

Mkanda mpya umefungwa, vifuniko vimerudi, starta inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Au inawaka huku ikitetemeka, na taa ya injini haizimi. Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) inasoma kodi ya hitilafu P0335 au P0340, na hapo watu wengi wanakwenda moja kwa moja dukani kutafuta sensa.

Subiri kwanza. Sensa iliyokuwa inafanya kazi kabla hujafungua injini ni nadra kufa kwa bahati mbaya siku hiyohiyo. Anza na vitu ulivyogusa: soketi ambayo haikuingia mpaka mwisho, waya uliobanwa chini ya kifuniko, sensa iliyokaa upande kwa sababu kuna uchafu chini yake, au soketi mbili zinazofanana zilizobadilishana nafasi.

P0335 inahusu mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), P0340 ule wa sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu). P0016 ni habari nyingine kabisa: sensa zote mbili zinasoma, ila hazikubaliani. Ukiiona hiyo baada ya kubadilisha mkanda, acha kabisa kupiga starta. Kwenye gia ya krenki yenye meno 24, jino 1 ni nyuzi 15. Injini inaweza kuwaka ikiwa imekosewa jino 1, bila nguvu. Yakiwa mengi zaidi, katika injini ambazo valvu na pistoni hupishana kwa karibu, chuma hukutana na chuma.

Toa kebo ya hasi ya betri, kisha plagi zote ili injini iwe nyepesi. Weka spana kwenye bolti ya krenki, zungusha taratibu kuelekea upande ambao injini huzunguka, mizunguko 2 kamili, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara 1 kila krenki inapozunguka mara 2. Ikigota, simama, usiongeze nguvu hata kidogo. Sasa tazama alama za kupangia taimingi. Usiangalie ile ya puli ya nje, ambayo kwenye injini nyingi ni ya kupimia moto wa plagi. Angalia alama ya gia yenyewe dhidi ya ile iliyo kwenye bodi ya injini.

Alama ya kamshafti ikiwa imepita jino moja, chanzo mara nyingi ni ulegevu uliobaki upande usiofaa. Mkanda unatakiwa kukazwa kwanza upande usio na tenshona (kifaa kinachoukaza mkanda), ulegevu wote ubaki kwa tenshona. Ukiuacha kule kwingine, tenshona ikiachiwa inauvuta na kuisogeza gia uliyodhani umeipanga. Angalia pia sahani iliyo nyuma ya gia ya krenki, kama injini yako inayo. Ikirudishwa kinyume inaweza kukwaruza sensa.

Alama zikiwa sawa, hamia kwenye umeme. Rudisha plagi na betri, piga starta ukisoma kasi ya injini kwenye skana. Takriban mizunguko 150 hadi 300 kwa dakika ni kawaida. Ikibaki 0 huku starta inazunguka, kompyuta haipati ishara ya krenki. Sensa ya waya 2 ipime kwa omu na ulinganishe na kitabu cha gari, kisha weka multimita kwenye volti za AC na upige starta: lazima volti zitokee. Sensa ya waya 3 usiipime kwa omu. Washa swichi, tafuta volti 5 au 12 kwenye waya wa kulisha, hakikisha waya wa ardhi ni mzima, halafu zungusha krenki kwa mkono uone kama volti za waya wa ishara zinapanda na kushuka. Futa pia ncha ya sensa, maana sumaku yake hukusanya unga wa chuma.

Futa kodi za hitilafu kwa skana, washa, subiri injini ipate joto. P0016 ikirudi ilhali alama ziko sawa, angalia kiwango cha oili na valvu ya oili inayoongoza kamshafti.

Kama bado haina nguvu, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, rudi kwenye alama, kuna kitu umekipita. Moja au mbili zikikaribia sifuri, valvu zimepinda, na silinda hedi itabidi ishuke.