Jibu: Video ya kuuenzi ukumbi wa CBGB

Ndugu, umeuliza uanzie wapi video yako ya kuuenzi ukumbi wa muziki wa CBGB wa New York, ilhali unazo picha chache tu. Ningekushauri uanze na jina lenyewe, kwa kuwa limebeba kejeli tamu: Hilly Kristal alipoufungua mwezi Desemba 1973, katika namba 315 ya barabara ya Bowery, herufi hizo zilisimama badala ya country, bluegrass na blues, mitindo ya muziki ambayo hatimaye haikuupa ukumbi huo umaarufu wowote. Waliouletea sifa ni vijana wa panki, yaani roki ya kasi na ya kiasi, wakiwamo wa bendi za Television na Ramones walioanza kupiga hapo mwaka 1974, kwa sababu Kristal alizitaka bendi zipige tungo zao wenyewe, si kunakili za wengine.

Picha zako chache zitatosha iwapo utazisogelea taratibu, hasa zile za kuta zilizojaa stika na maandishi, huku sauti ya msimulizi ikitangulia mbele ya muziki. Kuhusu nyimbo, tafadhali omba idhini mapema, kwani haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi wamiliki wake si wamoja.

Mwisho ninaoupenda mimi ni usiku wa 15 Oktoba 2006, mwimbaji Patti Smith alipotumbuiza humo kwa mara ya mwisho kabla ya milango kufungwa, kisha ukate moja kwa moja hadi duka la nguo lililofunguliwa humo baadaye, bila neno lolote la msimulizi.