Namba mbili za kitu kimoja: kanzidata ya Benki ya Dunia nikiwa Ngamiani

Kazi yangu ni steshenari. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, natengeneza CV, na kwa miaka kadhaa sasa nawaandikia watu maandiko ya miradi. Duka liko Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba, na mbele yake kuna mzee anauza kahawa na kashata, kwa hiyo hata asiye na shida ya kopi hupita akakaa.

Siku moja alikuja mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kutoka upande wa Pangani. Walitaka fedha za kununua bajaji ya kuwakimbiza wajawazito hospitali usiku. Andiko lilikuwa na sehemu ya "hali halisi", na kwa mfadhili hali halisi maana yake namba. Nikaingia kwenye kanzidata ya Benki ya Dunia, nikaitafuta Tanzania, nikatafuta vifo vitokanavyo na uzazi, nikakuta 238 kwa kila vizazi hai 100,000, mwaka 2020. Nikaibandika, tukatuma.

Baada ya wiki tatu simu ikaita. Afisa wa mfadhili, kwa ule upole unaoudhi: "Ndugu, utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema 104. Hii yenu mmeitoa wapi?"

Nilijibu "Benki ya Dunia" kama mtu anayejibu "nimeambiwa". Mama Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi hapo hapo, anasikia. Alipoona nimekata simu akaniuliza, "Kwani wanaokufa ni wangapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku hiyo nimeisoma ile kanzidata kama mtu anavyosoma mkataba wa shamba. Naandika haya kwa wanafunzi wa vyuo na waandishi wa maandiko wanaokuja dukani na flashi mkononi wakidhani namba ni namba.

Kwanza mjue mna bahati. Zamani takwimu hizi zilikuwa za kulipia. Benki ya Dunia ilizifungua bure Aprili 2010. Mkusanyiko wake mkuu, WDI, yaani Viashiria vya Maendeleo ya Dunia, una viashiria zaidi ya 1,400 na nchi na maeneo 217, na vingine vinarudi nyuma hadi 1960. Tovuti ina Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu na Kichina, Kiswahili hakuna. Dawa yake ni kuzijua alama za viashiria, maana hazibadiliki kwa lugha. Tanzania ni TZA. Idadi ya watu ni SP.POP.TOTL. Ukiandika alama hiyo kwenye anwani ya tovuti, baada ya data.worldbank.org/indicator/, unafika moja kwa moja bila kubabaika na majina marefu ya Kiingereza.

Na hapo kwenye alama ndipo nilipoikuta aibu yangu. Vifo vya uzazi viko mara mbili. SH.STA.MMRT ni makadirio ya kimodeli: mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Benki ya Dunia huchukua data zilizopo za kila nchi, wakazipitisha kwenye kanuni moja ili nchi zilinganishike. Ile 238 ni ya huko, katika toleo la 2023. SH.STA.MMRT.NE ni ya kitaifa, yaani nchi yenyewe ilivyopima. Ile 104 ilitoka kwenye utafiti wetu wa afya na idadi ya watu wa 2022, ambako mdadisi hukaa na mhojiwa na kumuuliza juu ya ndugu zake wa tumbo moja: yupi yu hai, yupi amefariki, na kama ni dada, je, alikuwa mjamzito au ametoka kujifungua? Njia mbili, majibu mawili. Hakuna aliyedanganya ila mimi, niliyeandika moja kama vile nyingine haipo.

Ushauri wangu wa kwanza basi, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapa: karibu na jina la kiashiria pana kitufe cha maelezo. Kibonyezeni. Humo mtakuta nani kapima, kapima vipi, na kizuizi chake ni nini. Watu hukiruka kwa sababu ni maandishi mengi. Mimi nilikiruka.

Kuhusu ajira ni vivyo hivyo. Niliwahi kumsomea mzee wa kahawa kwamba ukosefu wa ajira Tanzania, kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, uko chini ya asilimia 5. Alicheka mpaka akashika birika. "Na hawa wote hapa kijiweni wamehesabiwa wapi?" Wamehesabiwa, tena wengi upande wa wenye kazi. Kwa kipimo kile, aliyefanya hata saa moja ya kazi ya malipo au faida katika wiki iliyoulizwa ana kazi, na asiyekuwa nayo lazima awe anaitafuta ndipo aitwe hana ajira. Kijana aliyeendesha bodaboda ya rafiki yake Jumanne jioni hayumo kwenye ile asilimia. Mzee hakuridhika. Sikumlaumu.

Sasa nukta mbili. Ukipakua jedwali kutoka DataBank, ule ukurasa wa Benki ya Dunia wa kujitengenezea majedwali, penye pengo panakuwa na nukta mbili, hivi: .. Maana yake takwimu haipo. Sifuri ni kitu kingine kabisa. Binti mmoja wa chuo aliniletea tasnifu nimchapie. Alikuwa na umaskini wa Tanzania, 2011 hadi 2018, kwa mstari wa umaskini wa kitaifa. Tafiti za bajeti za kaya katika kipindi hicho zilikuwa mbili tu, ya 2011/12 iliyotoa asilimia 28.2 na ya 2017/18 iliyotoa 26.4, kwa hiyo miaka sita ilikuwa nukta tupu. Excel ilikuwa inamgomea kufanya hesabu, akaamua kuzibadili zote kuwa sifuri. Wastani ukaja 6.8. Ameandika aya nzima ya kuipongeza serikali! Nikamwambia, dada, hebu tukae kwanza. Nilimwagizia kahawa.

Pato la taifa nalo lina mambo yake. Kuna la dola za sasa, kuna la bei zisizobadilika, yaani lililoondolewa mfumuko wa bei, na kuna lile linalorekebishwa kwa uwezo wa kununua, yaani kwa tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Kwa la kwanza Tanzania ni kama dola 1,200 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa la mwisho inapita 3,000. Ukitaka kuonyesha ukuaji, chukua la bei zisizobadilika. Ukitaka kulinganisha na nchi nyingine, chukua la uwezo wa kununua. Usilinganishe la nchi moja la aina hii na la nchi nyingine la aina ile. Nimeona likifanywa kwenye andiko lililokwisha gongwa muhuri. Tena, pato la Tanzania humo ni la Bara peke yake, wakati idadi ya watu ni ya Jamhuri yote. Sisi wa Tanga wenye ndugu Wete na Mkoani twaijua tofauti hiyo. Ukigawanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, umewagawia Wapemba pato ambalo lao halikuhesabiwa.

Halafu namba zinahama. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Takwimu nazo ni hivyo. Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadili mwaka wa msingi, ule ambao bei zake hutumika kupimia pato, kutoka 2001 kwenda 2007, na pato la taifa likapanda kwa karibu theluthi moja. Hapa Ngamiani hakuna aliyeamka tajiri. Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia ulikuwa dola 1.90 kwa siku, 2022 ukawa 2.15, Juni 2025 ukawa 3.00. Makadirio ya vifo vya uzazi nayo yalitolewa upya 2025, miaka yote ya nyuma ikapigwa hesabu tena. Ndiyo maana sasa kila namba naandika na tarehe niliyoipakua. Faili la CSV, lile la jedwali unalolipakua, lenyewe lina tarehe ya kusasishwa kwenye mistari ya juu kabisa, ile ambayo kila mtu huifuta ili jedwali lipendeze.

La mwisho nalisema haraka kwa sababu nachoka kulirudia: Tanga haimo. Humo mna nchi, si mikoa. Ukitaka kusema lolote juu ya Tanga, yenye watu 2,615,597 kwa sensa ya 2022, nenda kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Na ukitaka katani, usihangaike na WDI, nenda FAOSTAT, kanzidata ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa.

Lile andiko tulilirudia. Nikaweka zote mbili, 238 na 104, na sentensi mbili za kueleza kwa nini zinatofautiana. Mama Mwenyekiti akaniambia niongeze mstari wa tatu. Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyoinakili kwa mkono kutoka daftari la zahanati yao, yenye tarehe mbili za mwaka uliopita. Akaiweka juu ya meza na kidole juu yake.

"Wawili," akasema. "Andika na saa. Wote ilikuwa usiku."