Vyanzo vya historia mtandaoni: wapi pa kutafuta, na kwa maneno gani

Swali: Nafundisha historia sekondari. Kila nikitafuta mada mtandaoni naletewa kurasa zilezile zilizonakiliana, na hazisemi habari zimetoka wapi. Nataka wanafunzi wasome nyaraka zenyewe, wasiishie kwenye muhtasari. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba nilichokipata ni cha kuaminika? Wengi wao wana simu tu.

Jibu: Mwalimu, kinachokukwamisha ni kutafuta mada. Ukiandika "ukoloni Afrika" kwenye Google utaletewa kurasa zinazozungumzia ukoloni, na hizo ndizo zinazonakiliana. Tafuta waraka kwa jina lake kamili, na uutafute pale unapohifadhiwa.

Tuchukue Mkutano wa Berlin. Karibu kila muhtasari unasema kwamba Afrika iligawanywa pale, kwa rula juu ya ramani. Mkataba uliotoka mkutanoni ulitiwa saini tarehe 26 Februari 1885, una ibara 38, na uliandikwa kwa Kifaransa. Basi andika ndani ya alama za nukuu "Acte général de la Conférence de Berlin", au kwa tafsiri ya Kiingereza, "General Act of the Conference of Berlin". Alama hizo huilazimisha Google itafute maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo, na usipoziweka utarudishiwa mihtasari ileile unayoikimbia. Ukishaupata mkataba, nenda moja kwa moja ibara ya 34 na ya 35. Ya 34 inaitaka dola itakayotwaa eneo jipya kwenye pwani ya Afrika iziarifu dola nyingine zilizotia saini. Ya 35 inaitaka iwe na mamlaka ya kutosha kwenye pwani iliyoitwaa. Ibara ya 1 inaeleza mipaka ya bonde la Kongo kwa ajili ya biashara huria. Hakuna ibara inayoligawa bara zima. Mipaka mingi ilikuja kuwekwa baadaye kwa mikataba ya dola mbili mbili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Mwanafunzi akiziweka ibara hizo mbili kando ya muhtasari wake, ataona mwenyewe penye tofauti, na hapo ndipo kipindi chako kinapoanzia.

Mahali pa kutafuta hutegemea aina ya chanzo. Kwa matini za mikataba, sheria na hotuba, mradi wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale ni mwepesi hata kwa simu. Vitabu vya zamani, taarifa za wasafiri na ripoti za serikali vimejaa Internet Archive, yaani archive.org. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina hifadhi yake ya mtandaoni, Gallica, Maktaba ya Bunge la Marekani ina picha, ramani na magazeti, na Europeana hukutafutia kwa mkupuo mmoja katika makumbusho na maktaba nyingi za Ulaya. HathiTrust, hifadhi ya vitabu vya maktaba za vyuo vikuu, ni kubwa sana, ila baadhi ya vitabu vyake hufunguka kwa walio Marekani tu, kwa hiyo usidhani simu yako ndiyo mbovu. Kwa Afrika, usipite bila kuona juzuu 8 za Historia Kuu ya Afrika za UNESCO, ambazo hupakuliwa bure, na mkusanyo wa miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu uliowekwa mtandaoni na SOAS, chuo kikuu cha London. Makala za kitaaluma ziko JSTOR: ukifungua akaunti ya bure unaweza kusoma hadi makala 100 kila siku 30, kwa kuzisomea mtandaoni bila kuzipakua.

Ndani ya hifadhi hizo, wengi hukwama kwenye tahajia. Waraka haujui jina tunalolitumia leo. Ethiopia utaipata kama Abyssinia, Irani kama Persia, na Kilwa katika maandishi ya Wareno ni Quiloa. Kabla ya kutafuta, andika kwenye karatasi majina yote ambayo mahali au watu hao waliitwa wakati ule, pamoja na yale ya dharau usiyopenda kuyatamka. Kuna mtego mwingine usioonekana kwa haraka. Kitabu kilichopigwa picha husomwa na programu inayogeuza picha kuwa maandishi, na wewe unatafuta katika maandishi hayo, hutafuti katika picha. Vitabu vingi vya Kiingereza vilivyochapwa kabla ya mwaka 1800 hivi vilitumia herufi "s" ndefu, inayofanana na "f". Programu huisoma vibaya, neno "slave" likawa "flave", na wewe ukaambiwa kitabu hakina neno hilo hata mara moja. Jaribu tahajia zote mbili, kisha fungua picha ya ukurasa uhakikishe kwa macho. Usinukuu kamwe kutoka kwenye maandishi ya mashine bila kutazama picha, maana hata tarakimu za mwaka huharibika hivyohivyo.

Kuhusu kuaminika, usipoteze muda kuukagua ukurasa wenyewe. Sura nzuri na anwani inayoishia na .org hazithibitishi kitu. Toka nje yake: fungua dirisha jingine, tafuta jina la tovuti au la mwandishi, uone wengine wanasema nini juu yake na nani anailipia. Kisha ufuate dai hadi kwenye chanzo chake. Ukurasa usiotaja namba ya jalada, mwaka wa toleo wala ukurasa wa kitabu, utumie kama fununu ya kukuelekeza kwingine tu. Picha nazo zifanyie hivyo. Zitafute kwa TinEye, tovuti inayotafuta kwa kutumia picha yenyewe, au kwa Google, kwani picha moja huzunguka na maelezo matatu ya vita vitatu tofauti. Maelezo ya kuaminiwa ni ya hifadhi inayomiliki nakala halisi.

Takwimu zinahitaji jicho la pekee. Kanzidata ya SlaveVoyages ina safari zaidi ya 36,000 za meli zilizovusha watumwa Atlantiki. Ukijumlisha watu walioandikwa katika safari hizo, na ukitazama sehemu ya makadirio, utapata namba mbili zisizolingana. Makadirio, yanayofikia takriban watu milioni 12.5 waliopakiwa melini, yanajumuisha pia safari ambazo kumbukumbu zake zimepotea au zina mapengo. Namba zote mbili ni halali, lakini zinajibu maswali mawili. Mwanafunzi anayenukuu mojawapo lazima aseme ni ipi.

Programu za akili bandia zinazojibu maswali zitakusaidia kukumbuka majina ya zamani au kutafsiri aya ya Kifaransa. Usiziombe orodha ya vitabu. Programu hizo hubuni kichwa, mwandishi na hata namba ya ukurasa kwa ufasaha uleule zinaotumia kutaja vitabu vya kweli. Kila kichwa zinachokupa kitafute kwanza WorldCat, orodha ya pamoja ya maktaba nyingi duniani. Kisipoonekana huko wala katika orodha ya maktaba nyingine yoyote, kiache.

Mipango ya vipindi iliyokwisha kuandaliwa ipo pia. Digital Inquiry Group, kundi lililoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, linatoa bure masomo yenye nyaraka mbili tatu zinazopingana na maswali yake. Mengi yanahusu Marekani, lakini umbo lake linafaa mada yoyote: swali moja kuu, nyaraka fupi, na mwanafunzi anauliza kwanza nani aliandika, lini, na kwa nini.

Sasa simu. Usiwatumie wanafunzi kiungo cha kitabu kizima. Skani ya kurasa 800 inaweza kuzidi megabaiti 50, na wanahitaji kurasa tatu tu. Archive.org ina chaguo la maandishi matupu, ambalo ni jepesi mno kuliko PDF. Nakili aya unayoitaka, isahihishe kwa kuilinganisha na picha, na uiweke katika faili moja ya kurasa mbili. Juu yake andika kichwa cha waraka, tarehe, hifadhi, namba ya ukurasa na kiungo. Angalia pia mstari wa hakimiliki: ukiona "public domain", yaani mali ya umma, unaweza kuusambaza, ukiona masharti mengine, yasome kwanza.

Na faili hiyo iandae siku kadhaa kabla ya kipindi. Oktoba 2023 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilishambuliwa na wadukuzi na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi; Oktoba 2024 Internet Archive nayo ilishambuliwa, ikawa haipatikani kwa siku kadhaa. Kiungo kikifa, kibandike kwenye Wayback Machine, ghala la nakala za zamani za kurasa za mtandao lililoko web.archive.org, uchague tarehe ambayo ukurasa ulikuwa hai. Ukiwa na ukurasa muhimu ambao bado uko hewani, bandika anwani yake hapohapo kwenye sehemu ya kuhifadhi, upate nakala yenye tarehe ya siku ulipousoma.