Paswedi iko sawa, seva inakataa

SWALI: Habari fundi. Naangalia seva ya Ubuntu ya chuo hapa Morogoro, nilitaka mtu akikosea paswedi mara tatu afungiwe kidogo, nikaongeza mistari miwili ya pam_faillock kwenye /etc/pam.d/common-auth, ya preauth (inayokagua kama mtu kashafungiwa) juu ya pam_unix (inayohakiki paswedi) na ya authfail (inayoandika kosa) chini yake. Sasa haingii mtu, hata sudo (amri ya kuazima ruhusa za msimamizi) inanigomea na paswedi ni ile ile. Nimebaki na terminali moja iko wazi kama root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Niwashe upya mashine?

JIBU: Weee usiwashe! Hiyo terminali ndo roho yako kwa sasa, ukiwasha upya faili litabaki bovu vilevile na utaishia kuhangaika na rikavari modi ya GRUB, ile programu inayowasha mfumo. Mambo ya PAM (mfumo wa Linux wa kuhakiki watumiaji) hayasubiri restati ndugu yangu, programu inasoma hizo faili kila inapotaka kumhakiki mtu, ukisevu tu imeshaanza kazi, na sudo nayo inapita common-auth hiyohiyo ndo maana umeliwa na wewe.

Cheki mstari wa pam_unix, una [success=1 default=ignore]. Hiyo 1 maana yake paswedi ikikubali ruka mstari mmoja unaofuata. Mwanzoni uliofuata ulikuwa pam_deny, ambayo kazi yake ni kukataa tu, basi aliyepatia anairuka anatua kwenye pam_permit anaingia zake. We umechomeka authfail katikati, sasa aliyepatia anairuka hiyo authfail yako halafu anatua kwenye pam_deny, yaani mwenye paswedi na mwizi wote wanafukuzwa sawa. Badilisha iwe 2, ikae hivi:

auth requisite pam_faillock.so preauth
auth [success=2 default=ignore] pam_unix.so nullok
auth [default=die] pam_faillock.so authfail
auth requisite pam_deny.so
auth required pam_permit.so

Kama kuna mistari mingine usiifute, we hesabu tu mpaka uvuke pam_deny. Halafu kwenye common-account ongeza account required pam_faillock.so, bila hiyo makosa ya zamani hayafutwi mtu akishaingia vizuri, anakosea leo mara mbili na baada ya dakika chache mara moja, tayari kafungiwa.

Ukisevu fungua terminali ya pili ujaribu kuingia NA sudo, ya kwanza usiifunge kabisa mpaka uone vyote vimekubali. Aliyeshafungiwa mfungulie kwa faillock --user jinalake --reset.

Idadi na muda viko /etc/security/faillock.conf, usipogusa ni makosa 3 ndani ya dakika 15 na kifungo cha dakika 10. Root hafungiwi mpaka uwashe even_deny_root, na mimi kwa seva ya chuo nisingeiwasha, mwanafunzi mtukutu akijua tu anakufungia makusudi kila asubuhi.

SWALI: Naingia kwa SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali) na funguo, sio paswedi. Faillock itanizuia? Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Ukitumia funguo, sshd (programu ya SSH iliyoko kwenye seva) inakuhakiki yenyewe, mistari ya auth haiguswi, unapita ya account na session tu kama UsePAM kwenye mipangilio ya sshd ni yes. Ila ukifika ndani ukapiga sudo inayotaka paswedi, hapo unarudi kwenye foleni na wenzako.