Mama mkwe kafariki, nani ataendeleza sadaka za mababu?

Pole sana dada kwa msiba. Nimekuelewa, mama mkwe ndo alikuwa anajua kila kitu, mumeo hakuwahi kujifunza, na sasa Qingming inakuja, ile siku ya Wachina ya kusafisha makaburi na kuwapa mababu sadaka, tarehe 4 au 5 Aprili, na ukoo mzima huko Penang, Malaysia, unakuangalia wewe. Usikimbilie intaneti kwanza, maana Wachina wa Kihokkien na wa Kikantoni hawafanyi sawa, hata nyumba mbili jirani zinatofautiana. Tafuta shangazi yake mume aliyekuwa anapika na marehemu, mrekodi kwa simu, na uandike majina ya mababu na tarehe walizofariki kwa kalenda ya Kichina, hizo ndo zinapotea haraka mno.

Mimi pia nimeolewa hukohuko Penang, mjini George Town, kwetu tunaweka kuku mzima wa kuchemsha, nguruwe wa kuchoma, matunda, wali, vikombe vitatu vya chai, na lazima kitu alichokipenda marehemu mwenyewe. Kila mtu vijiti vitatu vya udi. Halafu mnarusha sarafu mbili kuwauliza mababu, zikionyesha pande tofauti maana yake wameshiba, basi mnakula nyie.

Pesa za karatasi, zile za kuigiza wanazochomewa mababu, si noti za kweli, chomea kwenye pipa la chuma, maji yawe karibu, nyasi za makaburini zinashika moto vibaya sana. Mkikaa fleti ulizeni uongozi kwanza.

Kama imani yako hairuhusu kushika udi mwambie mumeo mapema, wewe pika, yeye ashike, kupika peke yake ni heshima kubwa. Ila kibao cha mababu, kile chenye majina yao kinachowekwa nyumbani, msikihamishe kabla ya kumwita kuhani wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina.