Kazi ya kila sekunde 5: kerneli au mchakato wa kawaida?
Ndugu, umeuliza kama programu yako ya kusoma kina cha maji katika tangi la paani huko Kasarani, kila baada ya sekunde 5, iandikwe kama moduli ya kerneli ya Linux (msimbo unaopakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo) au kama mchakato wa kawaida (programu inayoendeshwa nje ya kiini hicho). Nakusihi uchague mchakato wa kawaida, kwa sababu kosa ndani yake huua mchakato huo peke yake, na systemd, msimamizi wa huduma katika Linux, ikielekezwa huuwasha upya, ilhali kosa lile lile ndani ya kerneli laweza kuangusha mashine nzima, nawe ukalazimika kupanda ngazi hadi orofa ya mwisho kuizima na kuiwasha.

Cron, kipangaji cha kazi za kujirudia, haitakufaa, kwani kipimo chake cha chini ni dakika 1. Tumia timerfd (taima ambayo programu huisoma kama faili), au clock_nanosleep (wito wa kuilaza programu) ukiipa wakati mahususi wa kuamka badala ya muda wa kusubiri, la sivyo muda wa kusoma kihisi utajiongeza kwenye kila mzunguko na ratiba itateleza.

Moduli inastahili pale unapohudumia kifaa chenyewe moja kwa moja. Hapo tumia delayed_work, yaani kazi ya kerneli iliyoahirishwa, inayojipanga upya kila inapomaliza, maana inaruhusiwa kulala ikisubiri kifaa, jambo ambalo taima ya kawaida ya kerneli hairuhusu. Kabla moduli haijaondolewa, ita cancel_delayed_work_sync, inayofuta kazi hiyo na kuisubiri imalizike: mimi niliwahi kuisahau, nikaandika rmmod (amri ya kuondoa moduli), na sekunde chache baadaye skrini ikaganda, kwa kuwa kerneli ilirukia msimbo uliokwisha kuondolewa kwenye kumbukumbu.